Mwongozo Kamili: Kudhibiti Magugu kwa Dawa katika Shamba la Vitunguu Maji

Kila msimu wakulima hurudi na malalamiko matatu yaleyale. Wa kwanza alipiga dawa na magugu hayakufa. Wa pili alipiga dawa na vitunguu vikaungua. Wa tatu aliona shamba safi kwa wiki mbili, kisha likafunikwa na ndago kuliko hata kabla ya kupulizia. Katika mashamba mengi niliyoyakagua baada ya malalamiko hayo, dawa yenyewe haikuwa na kosa: ilielekezwa kwa gugu lisilo lake, au ilipigwa wakati gugu limekwisha kukomaa, au kipimo chake kilikadiriwa kwa kifuniko cha chupa.

Mwongozo huu unahusu vitunguu maji vinavyopandwa kwa miche katika majaruba au matuta ya umwagiliaji, kama inavyofanyika Mang'ola wilayani Karatu na Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa. Anayesia mbegu moja kwa moja shambani asifuate ratiba hii, kwa sababu mmea unaochipua kutoka kwenye mbegu ni dhaifu mno na baadhi ya dawa zilizotajwa hapa huuua kabla haujatoa jani la pili.

Kitunguu kina majani membamba yaliyosimama wima, hivyo hakifuniki ardhi hata kikikomaa, na mizizi yake ni mifupi. Maharage yakichelewa kupaliliwa yanaweza kuyazidi magugu kwa kivuli chao. Kitunguu hakina uwezo huo. Magugu yanayoota katika wiki za mwanzo baada ya kupandikiza ndiyo yanayopunguza ukubwa wa tunguu, na palizi ya wiki ya nane hairudishi kilichopotea. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kalenda, na kalenda hiyo huanza kabla mche haujaingia shambani.

## Vitu vya kuandaa

Andaa vyote kabla ya kuanza, maana anayekwenda kutafuta kipimo wakati bomba limekwisha kujazwa ndiye anayeishia kukadiria.

- Bomba la mgongoni la lita 16 au 20 lisilovuja, lililotengwa kwa dawa za magugu pekee. Lipake alama ya rangi ili lisichanganywe na bomba la dawa za wadudu.
- Nozeli inayotoa dawa kama feni bapa. Nozeli ya koni inayotumika kupigia wadudu hutawanya matone madogo yanayopeperuka, na haigawi dawa sawasawa juu ya udongo.
- Kikombe chenye alama za mililita, au sirinji kubwa isiyo na sindano.
- Maji safi yasiyo na tope.
- Kamba na vigingi vinne kwa ajili ya kupima eneo la mita 10 kwa 10.
- Glavu za mpira zisizopenyeza kemikali, buti, miwani, barakoa, shati la mikono mirefu na suruali.
- Daftari.

Dawa zenyewe ni za makundi manne. Majina ya viambato nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili, lakini kwenye lebo utayakuta kwa tahajia ya kigeni na kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Mwombe muuzaji akuoneshe kiambato kwa kidole, usinunue kwa rangi ya chupa.

Glifoseti huua karibu kila mmea wa kijani, kikiwemo kitunguu. Hutumika kabla ya kupanda tu.

Pendimethalini huzuia mbegu za magugu zinazoanza kuchipua. Haiui gugu lililokwisha kuota.

Oksifluorfeni huunguza magugu machanga ya majani mapana, na hubaki juu ya udongo kama utando unaoyaunguza mengine yanapojitokeza.

Fluazifopu, kwizalofopu au klethodimu huua nyasi pekee, nawe unahitaji moja tu kati ya hizo.

Kabla ya kulipa, hakikisha lebo inataja vitunguu, ina namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Tanzania usajili hufanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA. Kenya hufanywa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Dawa iliyosajiliwa kwa mahindi pekee haikufai, hata kama muuzaji anakuhakikishia kuwa majirani wote wanaitumia.

## Hatua ya 1: Yatambue magugu kabla ya kuichagua dawa

Tembea shambani msimu uliotangulia, au wiki nne kabla ya kupandikiza baada ya kumwagilia, na uandike unachokiona katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni majani mapana: mchicha pori, kishona nguo, mbigili na mengine ya namna hiyo. Kundi la pili ni nyasi, na hapa tenga nyasi za mwaka mmoja zinazoota kwa mbegu na zile za kudumu, kama ukoka na sangari, zinazoota kwa mashina yanayotambaa. Kundi la tatu ni ndago.

Ndago huwaponza wengi kwa sababu hufanana na nyasi. Vingirisha shina lake kati ya vidole viwili: shina la ndago lina pembe tatu na halizunguki vizuri, ilhali la nyasi ni la mviringo au bapa. Kisha chimba mmea mmoja taratibu kwa kijiti, bila kuuvuta. Utaona kizizi chembamba kama uzi kinachotoka kwenye kiazi kidogo cheusi, kikienda kwenye kiazi cha pili, na cha pili kikienda kwenye cha tatu. Jembe likikata uzi huo, kila kiazi kilichokuwa kimelala huamka na kutoa mmea wake. Ndiyo maana shamba lililolimwa mara mbili bila dawa huwa na ndago nyingi kuliko lililolimwa mara moja.

Pendimethalini, oksifluorfeni na dawa za nyasi haziui ndago. Ikiwa ndago ndilo gugu lako kuu, vita vyako vyote viko katika hatua ya 2, kabla ya kupandikiza, na ukiipita hatua hiyo utabaki na jembe na mikono.

Jambo jingine la kuuliza hapa ni historia ya shamba. Kama msimu uliopita palikuwa na mahindi yaliyopigwa atrazini, mabaki ya dawa hiyo yanaweza kuwa bado udongoni na kuua miche ya vitunguu. Chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, ujaze kwenye makopo, panda miche michache ya vitunguu na mbegu za maharage, na uangalie kwa wiki tatu. Majani yakigeuka njano kuanzia kingoni na kukauka, tafuta shamba lingine kwa msimu huo.

## Hatua ya 2: Yaamshe magugu, kisha uyaue

Wiki nne mpaka tano kabla ya kupandikiza, lima, sawazisha majaruba na umwagilie kana kwamba umekwisha kupanda. Subiri siku 14 mpaka 21. Magugu yataota kwa wingi, na hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu kila mbegu inayoota sasa haitaota katikati ya vitunguu.

Piga glifoseti magugu yakiwa mabichi na yanakua vizuri, ndago ikiwa na majani manne mpaka sita. Ndago changa zaidi haina majani ya kutosha kupokea dawa, na iliyotoa maua imekwisha kuunda viazi vipya.

Tumia maji maangavu. Glifoseti hushikamana na chembe za udongo na kupoteza nguvu, hivyo maji ya mfereji yenye rangi ya chai ya maziwa huiua dawa ndani ya bomba kabla haijafika kwenye jani. Kama hakuna maji mengine, chota jioni, acha ndoo itulie usiku kucha, kisha mimina sehemu ya juu bila kuitikisa. Kwa maoni yangu, tope hili peke yake ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko ya glifoseti bandia katika mashamba ya umwagiliaji.

Piga asubuhi baada ya umande kukauka, siku ambayo hutegemei mvua kwa saa sita. Usilime tena mpaka zipite siku 10 hadi 14, kwa kuwa dawa inahitaji muda wa kushuka kutoka kwenye majani hadi kwenye viazi na mashina ya chini.

Dalili ya mafanikio: magugu hugeuka njano ndani ya wiki moja na kahawia ndani ya wiki mbili. Chimba ndago iliyokauka na ukate kiazi chake. Kikiwa cha kahawia ndani badala ya cheupe, dawa imefika.

Tahadhari: baada ya hapo usiugeuze udongo kwa kina, maana jembe la kina hupandisha mbegu mpya juu. Kwangua juujuu tu na upandikize.

## Hatua ya 3: Pima bomba lako

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naomba msomaji asiiruke. Watu wawili wenye bomba moja na chupa moja ya dawa wanaweza kupiga vipimo viwili tofauti kabisa, kwa sababu mmoja hutembea haraka na mwingine polepole.

Pima kwa kamba eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu mpaka alama unayoijua, kisha piga eneo lote kwa mwendo wako wa kawaida, ukishikilia nozeli kwa kimo kilekile. Pima maji yaliyotumika. Ekari moja ina takriban maeneo 40 ya namna hiyo, kwa hiyo zidisha lita ulizotumia kwa 40.

Chukua mfano. Umetumia lita 2. Mara 40 ni lita 80 kwa ekari. Ukiwa na bomba la lita 16, utahitaji bomba 5 kwa ekari. Tuseme lebo inaelekeza lita 1 ya dawa kwa hekta. Hekta moja ni ekari 2.5 hivi, kwa hiyo ekari moja inahitaji mililita 400. Gawa kwa bomba 5, unapata mililita 80 kwa kila bomba.

Sasa mtazame jirani yako anayetembea polepole na kutumia lita 4 katika eneo lilelile. Yeye atatumia bomba 10 kwa ekari, na kila bomba linapaswa kuwa na mililita 40 tu. Akiiga mililita zako 80, amepiga dozi maradufu na vitunguu vyake vitaungua. Hii ndiyo sababu jibu la swali «kifuniko kimoja au viwili?» haliwezi kutolewa na mtu ambaye hajakuona ukitembea.

Angalia pia kama lebo inasema hekta au ekari. Aliyesoma kipimo cha hekta akakimwaga katika ekari moja amezidisha dozi mara mbili na nusu.

Wakati wa kuchanganya, jaza maji nusu ya bomba, weka dawa, funga na utikise, kisha jazia maji mpaka kiwango chako.

## Hatua ya 4: Funga mlango kwa pendimethalini

Miche iliyo tayari kupandikizwa huwa na unene wa penseli, kwa kawaida baada ya wiki 6 mpaka 8 kitaluni. Pandikiza, funika mizizi vizuri na umwagilie ili udongo uishike.

Lebo ndiyo inayoeleza kama dawa uliyonunua hupigwa kabla ya kupandikiza au siku chache baadaye, kwa kuwa michanganyiko hutofautiana. Ifuate kama ilivyoandikwa. Kinachofanana kwa zote ni mambo mawili. Udongo lazima uwe safi usio na magugu yaliyoota na usio na mabonge makubwa, kwa sababu mbegu iliyo chini ya bonge huota pale ambapo dawa haikugusa. Pia udongo lazima uwe na unyevu, na umwagiliaji mwepesi ufuate ili dawa iingie katika tabaka la juu ambako mbegu huchipua. Ikiachwa juu ya udongo mkavu kwenye jua kali, sehemu yake hupotea hewani na kwa mwanga.

Tahadhari: usifungulie maji ya mafuriko kwenye jaruba mara baada ya kupiga, kwani hukokota dawa na kuirundika upande mmoja: utaona kona moja imedumaa na nyingine imejaa mchicha pori. Kwenye udongo wa kichanga tumia kipimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa na lebo.

Dalili ya mafanikio: hakuna kitu cha kuona, na hilo ndilo lengo. Ukifukua juujuu baada ya siku 10 utakuta vichipukizi vifupi vilivyovimba ncha na kushindwa kutokeza.

## Hatua ya 5: Oksifluorfeni kwa majani mapana

Hatua hii ina faida kubwa na hatari kubwa. Dawa hii haitofautishi kitunguu na gugu kwa undani; kinachokiokoa kitunguu ni nta inayofunika majani yake. Pangusa jani la kitunguu kilichokomaa kwa kidole na utauona ule unga wa kijivu ukibaki kidoleni. Gugu la majani mapana halina kinga ya namna hiyo, nalo huungua mwanga wa jua unapoifikia dawa ndani ya jani.

Kwa hiyo kila kinachopunguza nta huondoa usalama. Mche uliotoka kitaluni juzi hauna nta ya kutosha: subiri siku 14 hivi, mpaka uwe umeshika na kutoa majani mapya. Siku kadhaa za mawingu na mvua hufanya nta iwe nyembamba: subiri siku mbili au tatu za jua kabla ya kupiga. Sabuni, mafuta, kigandisho cha dawa, mbolea ya majani na dawa nyingi za wadudu zenye mafuta huiyeyusha nta: usichanganye chochote kati ya hivyo na oksifluorfeni ndani ya bomba moja, na uache siku kadhaa kati ya dawa hii na nyingine.

Piga magugu yakiwa na majani mawili mpaka manne. Mchicha pori wenye kimo cha kiganja utaungua majani ya juu, kisha utachipua tena kutoka kwenye vikonyo vya chini ukiwa na matawi mengi kuliko mwanzo. Ikiwa umechelewa kiasi hicho, ng'oa kwa mkono na uache dawa stoo.

Piga majani yakiwa makavu na upepo ukiwa umetulia. Nyanya au maharage ya jirani hayana kinga yoyote.

Dalili ya mafanikio: magugu hunyauka na kukauka ndani ya siku chache. Vitunguu vinaweza kutoa madoa meupe au kujikunja kidogo, na hilo lisikutie hofu ikiwa jani jipya la katikati linatoka likiwa safi. Kwa kawaida mmea hurejea ndani ya wiki mbili. Jani jipya likitoka limeungua, dozi ilizidi.

Usipalilie kwa jembe mara baada ya hapo. Dawa imetandaza utando juu ya udongo, na jembe huuchana.

## Hatua ya 6: Dawa ya nyasi

Iache wiki moja ipite baada ya oksifluorfeni. Wapo wanaochanganya dawa hizi mbili ili kuokoa kibarua cha siku moja. Dawa za nyasi zina mafuta au huhitaji mafuta, na matokeo yake ni majani ya vitunguu kuungua na nyasi kubaki hai.

Dawa hizi husafiri ndani ya nyasi mpaka kwenye kiini cha ukuaji, kwa hiyo nyasi lazima iwe inakua. Mwagilia siku mbili au tatu kabla ya kupiga. Nyasi iliyosinyaa kwa kiu haipokei dawa. Ipige ikiwa na majani mawili mpaka matano. Kwa ukoka na sangari tumia kipimo cha nyasi za kudumu kilichoandikwa kwenye lebo na utarajie kurudia.

Mpunga na mahindi ni nyasi pia. Kama shamba lako limepakana nayo, acha ukanda usiopigwa.

Dalili ya mafanikio: siku saba za kwanza nyasi huonekana kana kwamba hakuna kilichotokea, na wengi hurudia dozi hapa bila sababu. Siku ya nane au ya kumi, shika jani la katikati la nyasi moja na ulivute polepole. Likichomoka bila kupinga, na kitako chake kikiwa cha kahawia na laini kama kilichooza, nyasi hiyo imekufa ingawa majani ya nje bado ni ya kijani.

Badilisha kundi la dawa kati ya msimu na msimu. Fluazifopu, kwizalofopu na klethodimu hushambulia sehemu moja ndani ya nyasi, hivyo kubadili kutoka moja kwenda nyingine si mabadiliko ya kweli. Nyasi zilizosalia ni bora ziondolewe kwa mkono kabla hazijatoa mbegu.

## Hatua ya 7: Palizi moja ya mkono

Wiki ya sita au ya saba baada ya kupandikiza, pitia shamba kwa mkono au kijembe kidogo na uondoe yaliyosalia, hasa ndago. Kwangua juujuu: tunguu lililojeruhiwa na jembe huoza ghalani. Tunguu zikishaanza kujaa, acha kupulizia dawa za magugu, na uheshimu idadi ya siku kabla ya kuvuna iliyoandikwa kwenye lebo.

## Hatua ya 8: Kuosha bomba na kutupa chupa

Niliwahi kuazima bomba lililokuwa limepigia dawa ya majani mapana ya mahindi, yenye 2,4-D. Nilisuuza mara moja kwa maji, nikaridhika. Baada ya siku chache vitunguu vya majaruba matatu vilikuwa vimepinda na kulala chini, majani yamesokotana kama kamba. Niliving'oa vyote. Kitunguu hakina majani mapana, ndiyo, lakini hakivumilii dawa hiyo.

Suuza bomba mara tatu, mara ya pili kwa sabuni, na kila mara pitisha maji kwenye mpira, fimbo na nozeli. Maji ya kusuuza yamwage juu ya eneo lililopigwa au ardhi isiyolimwa, kamwe si kwenye mfereji, kwa sababu chini yako kuna mtu anayemwagilia na pengine anayechota maji ya kupikia.

Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yaingie ndani ya bomba, kisha itobolewe ili isije ikabeba mafuta ya kula. Oga, badili nguo, na zifuliwe peke yake.

Mwisho, andika daftarini tarehe, dawa, mililita kwa bomba, idadi ya bomba, hali ya hewa na ukubwa wa magugu siku uliyopiga. Afisa ugani anayeletewa ukurasa huo anaweza kukuonesha hatua iliyokosewa. Anayeletewa chupa tupu atabaki kukisia.